Karamu ya Nyumba Isiyo na Paa

"Vuta upande wako, Sante! Hicho kitambaa unakivuta au unakibembeleza kilale?"

Piera Colnaghi alisema hayo huku pini zimejipanga midomoni mwake kama meno ya ziada. Juu ya ngazi ya pili, Sante akavuta. Kitambaa cheusi na buluu kikanyooka ukutani, pale kwenye njia ya chini ambayo wachezaji huipita wakienda kukanyaga majani. Siku chache nyuma ukuta huohuo ulikuwa umevaa nyekundu na nyeusi.

Hiyo ndiyo kazi iliyomzeesha Piera: kuuvua uwanja wa San Siro nguo za timu moja na kuuvika za nyingine. Maana uwanja ule ni kitendawili. Nyumba moja, wake wenza wawili, kitanda kimoja, nao hawalali siku moja. Wekundu wa Milan ndio waliotangulia kuingia, wakati huo farasi wa mashindano wakichungulia kutoka jirani. Wabuluu wa Inter wakaja baadaye, kama mke wa pili, na masanduku yao na maringo yao. Tangu hapo wanapokezana zamu. Ila wanapokutana wenyewe kwa wenyewe, siku hizo mji mzima wa Milano haulali.

Na juma lile walikuwa wanakutana. Zamu ilikuwa ya wabuluu, kwa hiyo Piera, mwekundu tangu tumboni mwa mama yake, alikuwa anauvisha uwanja nguo za adui.

"Inakuuma, ee?" Sante akachokoza. Yeye alikuwa mbuluu, mtu mnene mwenye ndevu za siku kadhaa, kwa kuwa juma la pambano hanyoi, wala soksi habadilishi. "Sema ukweli, Bisibisi. Kila pini unayochoma, unajichoma moyoni."

Watu wa Milan wameitwa Bisibisi tangu enzi za mababu, kwa kuwa walikuwa mafundi wa viwandani. Watu wa Inter wanaitwa Wenye Maringo, na ukikaa nao dakika moja hutauliza kwa nini.

"Mshono haujui timu," Piera akajibu. Akapitisha kiganja juu ya kitambaa, akaona kikunjo kidogo ambacho mwingine asingekiona, akakichomoa, akaanza upya. "Nikivisha vibaya watasema nimewaonea wivu. Nitawavisha hadi waone haya kufungwa wakiwa wamependeza hivi."

Sante akacheka, kisha akatulia. "Mzee wako hajambo?"

"Hajambo. Amekataa tena."

Sante hakuuliza amekataa nini. Kila mtu katika kikosi chao alijua.

*

Baba yake Piera, mzee Gaudenzio, alikaa naye ghorofa ya nne, mtaa wa pili kutoka uwanjani. Dirisha la jikoni liliuona uwanja wote: zile njia za zege zinazopanda zikiuzunguka, kama uzi ulioviringwa kwenye kijiti. Siku ya mechi watu walizipanda hadi uwanja ukaonekana unatembea wenyewe. Mzee alikaa dirishani, akawatazama wanavyopanda, na bao likiingia alilisikia kabla ya redio kulisema.

Lakini ndani hakuingia. Tangu ujana wake hadi miaka tisini na ushei, hakuwahi kuingia.

Na yeye ndiye aliyezichana zile njia.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, walipokuwa wakiuongezea uwanja ghorofa ya pili ya viti. Gaudenzio alikuwa kijana mdogo kuliko waashi wote. Wakubwa walimwaga zege, wakalisawazisha kwa ubao, na kabla halijakauka yeye akaja na ufagio mgumu, akalichana mistari midogomidogo, ili mvua na ukungu vikija viatu vya watu visiteleze. Kazi hiyo hufanywa kinyumenyume, usije ukakanyaga ulichokwisha kuchana. Basi Gaudenzio aliipanda San Siro yote akirudi nyuma, macho kwenye ufagio, mgongo kwenye mawingu.

Na huko kwao waashi wana desturi yao. Nyumba ikifika juu, mafundi hupachika tawi bichi kileleni, na mwenye nyumba huwaandalia karamu. Karamu hiyo huiita kulilowesha paa. Mwenye nyumba asiyelisha mafundi, nyumba yake haijaisha, hata ikikaliwa miaka mia.

Siku walipomaliza, hakuna aliyekuja na chakula kutoka nyumbani. Walivaa mashati safi. Muashi mkongwe kuliko wote, jina lake Tranquillo, alikuja na tawi la mzeituni. Wakangoja. Jua likapita utosini. Mwisho akaja mnyapara, akasimama, akatazama juu, akacheka.

"Paa liko wapi?" akasema. "Huu ni uwanja. Hauna paa. Bila paa hakuna karamu."

Labda alitania. Labda alitumwa. Waashi walirudi makwao na njaa na mashati yao safi, na tangu siku ile Gaudenzio akaapa: hatatia mguu mle mpaka mwenye nyumba awalishe mafundi.

Wenzake wakafa mmoja mmoja. Paa likaja baadaye sana, mwaka wa tisini, pamoja na ghorofa ya tatu na ile mihimili myekundu juu yake, likajengwa na mafundi wengine. Gaudenzio akabaki na kiapo chake na mzeituni wake kwenye chungu barazani. Mzeituni huo hakuna aliyeruhusiwa kuukata, hata Jumapili ya Matawi, wakati kila nyumba inataka kijitawi. Baridi ikizidi aliuingiza ndani, akaukalisha karibu na jiko kama mgeni wa heshima.

Sasa magazeti yalikuwa yanasema uwanja utavunjwa na mpya kujengwa kando yake. Leo walisema utavunjwa wote, kesho nusu, keshokutwa wakanyamaza. Piera akaona wakati unakwisha.

Mwaka uliopita, wakati majani yanapukutika, alijaribu. Alipika sufuria kubwa ya nyama ya nguruwe na kabichi, akamvalisha baba koti, akamfikisha mpaka langoni. Mzee akasimama pale na mkongojo wake.

"Hicho chakula kimetoka wapi?"

"Nimepika mimi, Baba. Tule kule juu, wewe na mimi, yaishe."

"Pesa ya nani?"

"Yangu."

"Basi ni yangu," mzee akasema. "Umewahi kuona wapi fundi anajilisha mwenyewe, halafu anasema amelishwa? Mwenye nyumba ndiye hulisha, Piera. Twende zetu nyumbani, kabichi itapoa."

Wakarudi. Kabichi ikaliwa jikoni, dirishani, na mzee aliisifu sana. Piera hakulala usiku ule.

*

Asubuhi baada ya kumaliza vile vitambaa vya buluu, Piera alikwenda kwa msimamizi, Bwana Rovati, mtu mpole mwenye simu mbili.

"Bwana Rovati, huu uwanja ni wa nani?"

"Swali gani hilo, mama? Kuna wenye ardhi, kuna wenye timu, kuna wenye mkataba…"

"Namtaka mwenye nyumba. Mmoja. Anayeweza kumlisha baba yangu."

Rovati alimjua mzee. Akazima simu moja, kisha ya pili, jambo ambalo Piera hakuwahi kuliona. "Ruhusa naweza kukupa," akasema. "Mwishoni mwa njia ya kupanda, pale panapopumzikiwa, saa ya chakula. Msiwashe moto. Lakini mwenye nyumba, mama, hata mimi sijawahi kumwona."

Mchana Piera akaenda chumba cha kulia cha wafanyakazi. Juma la pambano, meza mle ndani zilitengana. Wekundu upande wa dirisha, wabuluu upande wa mlango, na chumvi haikuvuka katikati. Kula na mtu wa upande wa pili kabla ya mechi ni kuita mkosi, na hapo hata msomi huamini. Piera hakukaa popote. Akasimama katikati, sahani mkononi.

"Kitendawili!"

"Ohoo," akasema mtu. "Tega, mama Piera."

"Nyumba imejengwa, imekaliwa, imezeeka, inakaribia kufa. Waashi wake hawajalishwa bado. Mwenye nyumba nani?"

"Manispaa!" akajibu wa dirishani.

"Manispaa haijui hata bomba linavuja wapi."

"Wenye timu!"

"Hao ni wapangaji."

"Wenye pesa za kuununua!"

"Hao hawajafika."

Wakafikiri. Wakakuna vichwa. Mwisho yule wa dirishani akainua mikono. "Tumeshindwa. Tunakupa mji. Chukua Torino, wala hatuuhitaji."

Chumba kizima kikacheka, meza zote mbili, maana katika kuidharau Torino, mji hasimu, hakuna cha timu. Piera naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa yamelowa.

"Torino siutaki," akasema. "Mnajua mwenye nyumba ni nani? Msiba ukitokea, mnamjuaje mwenye msiba?"

Kijiko cha mtu kikagonga sahani.

"Ni yule anayelia," akasema Sante kutoka meza ya mlangoni, polepole, kana kwamba alitamani jibu lirudi mdomoni.

"Haya. Siku watakayouvunja huu, nani atalia?"

Walitazama sahani zao. Kila mmoja wao alikuwa amebebwa humo mabegani mwa baba yake.

"Baba yangu anataka kulishwa na mwenye nyumba," Piera akasema. "Mimi peke yangu sitoshi, mimi ni wa upande mmoja, tena ni damu yake. Nyumba ya wake wawili, chakula kitoke majiko yote mawili. Siku ya Mtakatifu Biagio, mchana. Na tule meza moja."

"Meza moja?" Sante akashtuka. "Juma la pambano? Mama Piera, omba damu yangu nikupe. Meza moja na hawa? Tutafungwa! Babu yangu alikula tufaha moja tu la mwekundu mwaka fulani, tukapigwa nne!"

"Basi usije," Piera akasema, akaenda kula chakula chake amesimama jikoni.

*

Siku ya Mtakatifu Biagio watu wa Milano hula kipande cha panettone, ule mkate mtamu wa Krismasi, walichokibakiza makusudi tangu sikukuu. Kimekauka, kinakwangua, nao husema kinalinda koo. Mzee Gaudenzio alikula chake asubuhi kwa kuchovya kwenye kahawa. Kisha akasema, "Umesema majiko yote mawili?"

"Nimesema. Watakaokuja siwajui, Baba. Sitakudanganya."

"Nitakwenda nione. Nisipoona nitarudi. Nyumbani si mbali."

Akavaa shati jeupe. Akafunga koti hadi kidevuni, akasimama kidogo barazani peke yake, akatoka.

Langoni alisimama palepale aliposimama mara ile. Mzee akaitazama njia ya zege inavyopanda na kujikunja, akainamisha kichwa, akaugusisha mkongojo wake kwenye mistari. Kwa miaka yote hiyo mvua ilikuwa imeilamba, mamilioni ya viatu yamepita juu yake, lakini mistari ilikuwepo.

"Imeshika," akasema.

Akaingia.

Alipanda polepole, akipumzika kila panapojikunja. Piera alinyoosha mkono amshike, mzee akaupiga kidogo. "Niache, mwanangu. Mara ile nilipanda kinyumenyume. Sikuona ninakokwenda. Leo naona."

Kundi la wageni likawa linashuka, limetoka kuzungushwa uwanjani. Kijana anayewaongoza alikuwa akiwaeleza habari za ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, nani alifunga nini mwaka gani. Walipomwona mzee wakajibana ukutani wampishe. Bibi mmoja akanong'ona, "Huyu babu naye yumo katika ziara?"

"Leo yumo," kijana akasema, na akavua kofia.

Karibu na juu Piera akaanza kusikia, na hakuamini alichosikia. Watu walikuwa wakigombana.

"Ugali wenu huo ni uji!"

"Na soseji zenu zimekauka kama kabati lenu la makombe!"

Njia ikajikunja mara ya mwisho, na meza ikatokea. Mbao ndefu za waashi zilikuwa zimelazwa juu ya miguu ya chuma, zimetandikwa vitambaa. Wekundu walikuwa wameleta ugali wa manjano wa mahindi, umefungwa kwenye mablanketi usipoe. Wabuluu walikuwa wameleta soseji, jibini na mvinyo. Kila mtu alikuwa na kipande cha panettone kikavu. Rovati alikuwepo, bila simu. Na mwishoni mwa meza, uso umemjaa huzuni ya mtu aliyekwisha kufungwa, alikaa Sante. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Usiniambie kitu," akamwambia Piera. "Nimeshavunja miiko yote, bora niivunje nikiwa safi."

Mzee Gaudenzio hakukaa. Alisimama kichwani mwa meza, akawatazama mmoja mmoja.

"Wekundu ni nani?"

Mikono ikainuka upande mmoja.

"Na wabuluu?"

Mikono ikainuka upande wa pili.

"Hivyo sivyo matofali yanavyopangwa," mzee akasema. "Mkipanga hivyo ukuta unapasuka katikati. Simameni. Mmoja huku, mmoja huku, mmoja huku. Wewe mnene, njoo ukae na mimi."

Wakahama wakinung'unika, wakikanyagana, wakitukanana timu. Ukuta ukapangwa upya. Mzee akamimina mvinyo kidogo kwenye gilasi, lakini hakunywa. Akaimwagia sakafu, juu ya mistari ya ufagio, na kwa kila tone akataja jina: Tranquillo, Eliseo, Gervaso, yule Natale wa mkono mmoja aliyebeba mifuko ya saruji kuliko wa mikono miwili. Mvinyo ukafuata mistari ukateremka taratibu.

Kisha akageuka kwa Sante. "Wewe ni wa timu gani?"

"Inter, mzee," Sante akasema kwa sauti ndogo.

"Na utalia wakiuvunja huu?"

Sante akautazama mvinyo sakafuni. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi nipakulie, mwenye nyumba," mzee akasema. "Nina njaa tangu mwaka wa hamsini na tano."

Wakala. Lo, walivyokula! Wakagombana mabao ya kabla hawajazaliwa. Mzee alikula kama kijana, akaomba tena, akamwambia Piera vile vitambaa vyake vya buluu vilivyotundikwa pale juu amevishona vizuri hata kama rangi yenyewe ni ya kusikitisha. Piera akainama kama anaokota kitu. Katika maisha yake yote baba hakuwahi kuona kazi yake. Baba akachana, binti akavisha, mwili uleule mmoja wa uwanja, na hawakuwa wamewahi kukutana juu yake.

Sahani zilipokwisha, mzee akafungua vifungo vya koti. Kutoka kifuani, mahali mtu anapoweka mtoto asipigwe na baridi, akatoa tawi la mzeituni, majani ya kijivu na kijani, limekatwa asubuhi ileile.

"Baba!" Piera akasema. "Umeukata mti wako?"

"Si wangu. Tranquillo alinipa lile tawi siku ile, aliposema hana pa kulipachika. Nikalichomeka kwenye udongo lisife wakati tunangoja." Akalitazama. "Likaona tunachelewa, likaota mizizi."

Akamkabidhi Sante, kwa kuwa Sante ndiye aliyekuwa mrefu. Sante akapanda juu ya kiti, akalifunga kwenye chuma juu ya njia, kwa uzi wa Piera, na Piera akakaza fundo.

*

Jumapili ya pambano ukungu ulishuka tangu mchana, ule ukungu mzito wa Milano unaokufanya umsalimie mti ukidhani ni jirani. Piera alikuwa akizunguka kwa mara ya mwisho kukagua nguo za uwanja, mkasi na pini mfukoni, wakati kijana mmoja wa ukaguzi alipomwita kutoka juu ya njia.

"Mama, hili jani hapa ni la nani? La nyumbani au la wageni? Nilitoe?"

Piera akamtazama Sante. Sante, mashavu laini, soksi mpya, akiwaza mkosi aliojitakia, akatazama pembeni.

"Milango imefunguliwa," Piera akasema. "Sogea, mwanangu, watu wapite."

Nao wakaja, wakitoka ukunguni, skafu nyekundu na skafu za buluu, wakiimba kila mmoja wimbo wa kumtukana mwenzake, baba wamebeba watoto mabegani. Zege lilikuwa limelowa, na hakuna aliyeteleza. Walipofika pale juu, tawi lilining'inia likidondosha maji, na waliobeba watoto wakainama kidogo kupita chini yake. Mtoto mmoja akanyoosha mkono, akaligusa.

Mtaa wa pili, ghorofa ya nne, taa ya jikoni iliwaka dirishani, na dirisha lilikuwa wazi.